Ibn Majid tumemfanya rubani wa da Gama tu. Ushairi wake tumeuweka wapi?

#1 Mshika Usukani
Wakuu, habari za jioni.

Juzi mwanangu wa kidato cha pili kaniletea daftari la historia nimsikilize. Kuna sentensi moja: "Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Mwarabu huko Malindi, Ahmad bin Majid, aliyemfikisha India." Basi. Mtu kaishia hapo.

Huyu mtu alizaliwa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, miaka ya 1430 hivi. Baba yake malimu wa bahari, babu yake malimu wa bahari. Mwaka 1462 alikamilisha Hawiya, utungo wa beti zaidi ya elfu moja juu ya elimu ya bahari: nyota, pepo, vina vya maji, dalili za nchi kavu. Akaendelea kutunga karibu miaka arobaini. Na upo utungo wenye jina lake unaoitwa Sufaliya, unaoshuka na mwambao wetu mpaka Sofala, Msumbiji ya leo. Malindi, Mombasa, Kilwa, zote zimo ndani ya vina na mizani.

Mimi nadai hivi: katika washairi wote wa mwisho wa karne ya 15, huyu ndiye aliyetuhusu zaidi sisi watu wa pwani, na ndiye tusiyemjua kabisa kama mshairi. Tumembakizia safari moja ambayo hata uhakika wake una shida.

Maswali mawili. Ilikuwa yeye kweli aliyempeleka Mreno? Na kwa nini mtu wa kazi ya roho mkononi kama ile atunge kwa vina, asiandike maelezo ya kawaida akamaliza? Shusheni nondo.

#2 Gunia la Maneno
Nimetandika jamvi, chai ipo. Waje wajuzi.

#3 Kijana wa Kisauni
Ati uhakika wake una shida? Mimi nimesoma Malindi, ile nguzo ya da Gama twaipita kila Jumamosi twenda kuogelea. Walimu wote walitwambia ni Ibn Majid. Leo wewe Mshika Usukani waja kutwambia sivyo?

#4 Msoma Hati
Kijana wa Kisauni, usikasirike ndugu yangu, twende taratibu.

Waliokuwa kwenye safari ile waliacha kumbukumbu ya kila siku. Humo imeandikwa kwamba da Gama alimshika mtu wa karibu wa mfalme wa Malindi aliyeletwa chomboni, akatuma ujumbe: nileteeni rubani mliyeniahidi. Mfalme akamleta. Jina la rubani halikuandikwa. Wamesema tu ni "Mkristo". Na tukumbuke Wareno wa safari ile walipoona Wahindu walidhani ni Wakristo wa aina yake, kwa hiyo neno hilo linaweza kuwa na maana ya Mhindi. Wakang'oa nanga 24 Aprili 1498, wakakaa siku 23 bila kuona nchi kavu, na 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut.

Wanahistoria wa Kireno walioandika nusu karne baadaye ndio wanaotaja jina. Mmoja, João de Barros, anasema "Malemo Cana", Mwislamu wa Gujarat. Wengine wanaandika "Canaqua". Barros anaeleza kwamba rubani alimwonyesha da Gama ramani ya pwani nzima ya India, na alipoonyeshwa chombo cha Kireno cha kupimia jua hakushangaa hata kidogo, alikuwa anavijua.

Mtu wa Gujarat na mtu wa Julfar si mmoja. Jina la Ibn Majid kuingizwa kwenye safari hii limetoka kwa mwandishi wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyezaliwa 1511. Yaani safari ilipofanyika yeye hajazaliwa. Kisha miaka ya 1920 Mfaransa Gabriel Ferrand akaunganisha habari hiyo na hati za Ibn Majid, na tangu hapo vitabu vya shule vikanakili.

#5 Kijana wa Kisauni
Sasa Malemo ni nini kama si jina?

#6 Nyota ya Kilimia
Malemo ni malimu, mdogo wangu. Kamusi za zamani za Kiswahili zina neno malimu kwa maana ya anayeongoza chombo kwa hesabu. Nahodha ana chombo, malimu ana njia. Mreno kasikia "malimu", kaandika "malemo". Na hilo Cana au Canaqua wapo wanaolitoa kwenye neno la Kihindi cha kale lenye maana ya mpiga hesabu za nyota. Ikiwa ni hivyo, basi Malindi ilimtoa mtu wakamtaja kwa vyeo viwili, na jina lake mwenyewe hatulijui mpaka leo.

#7 Maskati Leo
Assalaam alaykum. Naandika kutoka Maskati, wazee wangu ni wa Unguja.

Hiyo habari ya al-Nahrawali mbona mnaipitia juu juu? Kaandika kwamba Ibn Majid alileweshwa ndipo akawaonyesha njia. Kaandika wakati Waturuki na Wareno wanapigana baharini, watu wamekasirika, wanatafuta wa kulaumiwa. Ukisoma tungo za Ibn Majid utamkuta mtu anayemtaja Mungu kila hatua na anayehimiza tohara na subira chomboni. Mwaka 1498 alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Mimi naona kasingiziwa.

Na tafadhali, huku kwetu anahesabiwa Muomani. Julfar zama zile ilihesabika upande wa Oman.

#8 Mchele wa Kyela
Hapo Maskati Leo umewasha moto, sasa watu wa Ras al-Khaimah waje na wao 😄

#9 Msoma Hati
Maskati Leo, waalaykum salaam. Nakubaliana nawe kwamba al-Nahrawali aliandika kwa uchungu. Ila ucha Mungu wa mtungaji hauthibitishi kwamba hakuwapo Malindi. Angeweza kuwaonyesha njia bila kulewa, kwa heshima ya mfalme wa Malindi aliyekuwa na ugomvi wake na Mombasa.

Kuna jambo jingine ambalo Mshika Usukani hajalisema. Hiyo Sufaliya imekuja kwetu kupitia hati moja iliyohifadhiwa Leningrad (St. Petersburg ya leo) pamoja na tungo nyingine mbili. Aliyezichapisha ni Mrusi, Teodor Shumovsky, mwaka 1957. Alianza kuisoma hati akiwa kijana, akakamatwa 1938, akapita kwenye makambi, akarudi kuimaliza. Ndani ya Sufaliya kuna mistari inayowataja Wafaranji, yaani Wareno, kufika mwambao huu na kufika Calicut, na mwaka 906 wa Hijra, yaani 1500 na kidogo. Watu wawili wakisoma mistari hiyohiyo wanatoka na hukumu mbili. Shumovsky aliona ni ushahidi kwamba mzee alikutana nao. G. R. Tibbetts, aliyemchambua Ibn Majid kwa Kiingereza kitabu kizima mwaka 1971, alikuwa na mashaka, na wapo wanaosema mistari ile inaweza kuwa imechomekwa na mkono wa baadaye.

#10 Mshika Usukani
Msoma Hati asante sana. Hilo la kuchomeka limenishtua. Ina maana hata mwambao wetu ulivyoelezwa mle ndani hauaminiki?

#11 Msoma Hati
Hapana, mashaka ni kwa mistari ya Wafaranji hasa. Na mwambao wetu alikuwa anaujua bila Sufaliya. Kwenye kitabu chake kikubwa cha nathari, Fawaid, cha kama mwaka 1490, ameorodhesha visiwa vikubwa kumi vya dunia anayoijua. Zanzibar imo, na Qumr imo, ambayo ndiyo Bukini, yaani Madagaska.

#12 Mwanafunzi wa Vina
Wakuu, ngoja nirekebishe moja dogo la #1. Umesema Hawiya ina "beti zaidi ya elfu moja". Msomaji wetu atadhani ni beti kama za utenzi, mishororo minne minne, aone ni mistari elfu nne. Bayt ya Kiarabu ni mstari mmoja wenye vipande viwili, ukwapi na utao. Kwa hesabu yetu ni mishororo elfu na zaidi.

Aina yenyewe inaitwa urjuza, iko kwenye bahari ya rajaz. Ukwapi na utao vinafungana kwa kina kimoja, mstari unaofuata unakuja na kina chake kipya. Ndiyo bahari nyepesi kuliko zote kwa Kiarabu, na wanazuoni waliipa kazi ya kubeba elimu: sarufi, mirathi, tiba. Utenzi wetu hubeba masimulizi marefu kwa sababu ya kina kile cha mwisho kinachorudi kila ubeti kama msumari. Rajaz haina msumari huo, inakimbia tu, wawili wawili.

Na mwone neno lenyewe: bahari ya shairi, bahari ya jahazi. Kiarabu hivyohivyo, bahr na bahr. Mtu huyu alikuwa ndani ya bahari mbili kwa wakati mmoja.

#13 Ummu Hilal
Mwanafunzi wa Vina umenigusa. Jibu la swali la pili la Mshika Usukani mimi ninalo kinywani. Madrasa tulihifadhi Tuhfatul Atfal, mistari 61 ya hukumu za tajwidi, ni rajaz hiyohiyo. Nilikuwa na miaka tisa. Leo nina wajukuu, na nikisikia mtu anasoma nuni sakina vibaya, mstari unakuja wenyewe ulimini kabla sijaufikiria. Kanuni ya kitabu ningeshaisahau zamani.

Mtu yuko baharini usiku, upepo umebadilika, maji yanaingia, taa imezima. Atafungua kitabu saa ngapi? Anahitaji kitu kilichoko kichwani. Ndiyo maana akatunga.

#14 Kusi la Mwaka
Shangazi Ummu Hilal maelezo yako mazuri, ila hayanitoshi. Kama shida ilikuwa kuhifadhi, kwa nini aliandika na Fawaid kwa nathari? Na Hawiya mistari elfu na zaidi, nani alihifadhi yote hiyo akiwa anafunga kamba?

Mimi nasema ni heshima. Zama zile mtu wa chombo alionekana fundi tu. Ukitaka wanazuoni wakupokee, unatunga. Tazama alivyojipanga mwenyewe: anawataja mamalimu watatu wa zamani, simba watatu wa bahari, halafu anasema yeye ndiye wa nne. Kisha anawakosoa walewale watatu kwamba walikusanya maneno ya wengine bila kupima wenyewe. Hata baba yake hakumwacha. Baba alikuwa na urjuza yake ya Bahari ya Shamu, mwana akairudia na kuisahihisha. Huyu alikuwa anataka kiti barazani.

#15 Ummu Hilal
Mwanangu Kusi, kusahihisha kazi ya baba si kutafuta kiti. Mwamba ukitajwa pasipo mahali pake watu wanazama.

#16 Fundi Mkwiji
Naongeza sababu ya tatu. Vina na mizani ni kufuli. Mimi kazi yangu ni kunakili michoro ya majenzi, najua tarakimu moja inavyoponyoka. Mnakili akikosea neno kwenye nathari, hakuna anayejua. Akikosea kwenye shairi, mizani inayumba, kina kinakataa, msomaji anashtuka. Vipimo vya nyota bandari kwa bandari vikinakiliwa mara ishirini, bora viwe ndani ya kufuli.

#17 Msoma Hati
Fundi Mkwiji hoja nzuri, lakini ukumbuke #9. Kufuli hilohilo halikuzuia mistari ya Wafaranji kuingia, kama kweli iliingizwa. Mchomekaji mwenye kipaji huchomeka na mizani yake.

#18 Kijana wa Kisauni
Hivyo "vipimo vya nyota" vilipimwaje? Na chombo gani?

#19 Nyota ya Kilimia
Hapa ndipo panaponinogea. Chukua kibao kidogo cha mbao, pana kama kadi. Katikati kitoboe, pitisha uzi, uzi uwe na mafundo. Fundo moja unalibana kwa meno. Kibao unakishika mbele ya jicho, uzi umekazwa, unatafuta ukingo wa chini ukae juu ya upeo wa bahari na ukingo wa juu uguse nyota. Ikikataa unahamia fundo jingine. Fundo linalokubali ndilo kipimo chako. Chombo kinayumba, wewe umesimama umeuma uzi, jicho moja limefungwa.

Kipimo chenyewe kinaitwa isba, kidole. Na safari inahesabiwa kwa zam, mwendo wa saa tatu. Ukienda sawasawa upande wa nyota ya kaskazini zam nane, yaani usiku na mchana, nyota inapanda isba moja. Kwa hiyo ukijua bandari yako iko isba ngapi, unapanda au kushuka mpaka uifikie, halafu unageuza chombo na kwenda nayo usawa huohuo mpaka nchi itokeze.

Nyota hiyo kwao ni Jah. Wazee wetu wa majahazi walisema jaa kwa kaskazini na suheli kwa kusini, na suheli ni nyota pia. Dira yao ilikuwa imeandikwa mbinguni. Tatizo ni kwamba ukishuka kwetu Jah inazama chini ya upeo, ndipo malimu akapima kwa Farkadani, zile mbili za jirani yake, na kwa Na'ash, nyota za Dubu Mkubwa. Kwa hiyo njia ya Sofala ilikuwa na hesabu yake tofauti na ya Hormuz, na ndiyo maana ilistahili utungo wake.

#20 Gunia la Maneno
Nyota ya Kilimia nimekata kadi ya simu nimefunga uzi wa kushonea, niko baraza la nyumba nimeuma uzi. Jirani kaniuliza nina nini 😄

#21 Mchele wa Kyela
Mimi naomba kupanua uwanja. Mshika Usukani kasema "katika washairi wote wa mwisho wa karne ya 15". Hao wote ni akina nani? Kwangu mkubwa ni Ali-Shir Nava'i wa Herat, Afghanistan ya leo, 1441 hadi 1501. Waziri, mjenzi wa misikiti na madrasa, rafiki wa Sultani Husayn Bayqara. Mji mzima ulikuwa wa Kiajemi kwa ushairi, na bingwa wa Kiajemi, Jami, alikuwa hapohapo, ndiye sheikh wake, akafariki 1492. Nava'i naye alikijua Kiajemi vizuri. Lakini kati ya 1483 na 1485 akatunga masimulizi matano makubwa kwa Kituruki cha Chagatai, lugha ambayo wakubwa waliona ni ya wachungaji na askari.

Mwaka 1499 akaandika kitabu cha kuzishindanisha hizo lugha mbili mbele ya msomaji kama kadhi. Anatoa vitenzi mia vya Kituruki ambavyo anasema Kiajemi hakina neno moja la kuvilipa. Anauliza: mtu akilia kwa kujilazimisha, akilia chini chini, akilia kwa kupaza, nyie mnasema nini? Anauliza mbona kaka na mdogo mnawaita neno moja.

Miaka mia tano imepita na sisi bado tuna kesi hiyohiyo mahakamani, Kiswahili na Kiingereza. Mimi nafundisha, kila wiki nasikia mzazi anasema Kiswahili hakina maneno. Nikisoma habari za Nava'i napata nguvu ya kuingia darasani.

#22 Mwanafunzi wa Vina
Mchele wa Kyela, tumjibu Nava'i kwa lugha yetu. Lia. Lilia. Liza. Lizana. Jiliza. Hapo shina ni moja tu la silabi mbili. Jiliza ndiyo kilio chake cha kujilazimisha, tumemaliza kwa kiambishi. Bado hujagusa kwikwi, kuomboleza, kugumia.

#23 Ummu Hilal
Na kububujikwa. Na kulengwalengwa na machozi, yale yanayosimama ukingoni yasianguke.

#24 Paka wa Forodhani
Kwangu ni François Villon wa Paris. Aliua padri 1455, mwaka uliofuata akawa kwenye genge lililovunja sanduku la fedha la chuo. Akahukumiwa kunyongwa, Januari 1463 wakambadilishia kuwa miaka kumi nje ya Paris. Akatoka mjini, na hapo habari zake zinakatika. Ameacha shairi ambamo wanaosema ni maiti za walionyongwa, wananing'inia, mvua imewaosha, kunguru wamewatoboa macho, wanawaomba wapita njia wawaombee kwa Mungu.

#25 Kusi la Mwaka
Mkuu, 1463 si mwisho wa karne.

#26 Paka wa Forodhani
Mashairi yake yalipigwa chapa mara ya kwanza 1489. Nimeingia kwa mlango huo, niacheni nikae.

#27 Mtoto wa Gungu
Nawaletea Japani. Kyoto iliungua kwenye vita vya 1467 hadi 1477. Baada ya hapo mtawa mmoja, Sogi, alizunguka nchi akifundisha kutunga kwa kuunganisha. Mwaka 1488 alikaa na wanafunzi wake wawili, Shohaku na Socho, wakatunga shairi moja la vipande mia pamoja, mtu huyu kipande, yule kipande. Wanaanza na theluji ambayo bado ipo, chini ya mlima pana ukungu, ni jioni.

Nikawaza gungu la kwetu Lamu na Mombasa, mmoja afunga, mwingine afungua.

#28 Mwanafunzi wa Vina
Karibu, lakini si sawasawa. Gungu ni fumbo na jibu, kuna wa kushinda. Kule sharti ni kwamba kipande cha tatu kishikane na cha pili lakini kiachane na cha kwanza. Kila mtunzi anavuta habari iende mbali kidogo na ilikotoka. Wakifika mia hawako tena kwenye theluji.

#29 Gunia la Maneno
Kama uzi huu. Tulianza Malindi.

#30 Maskati Leo
Nami naongeza Vietnam. Mfalme Le Thanh Tong mwaka 1495 aliunda baraza la washairi, mwenyewe akiwa mkuu, watu 28 wakahesabiwa kama nyota 28. Ni zile manzili 28 za mwezi, vituo vyake angani. Fawaid ya Ibn Majid nayo ina sura nzima ya manzili 28. Watu wawili hawajawahi kusikiana, mbingu moja.

#31 Bint Shela
Nimesoma kutoka juu mpaka hapa, majina yote ni ya wanaume. Aisha al-Ba'uniyya wa Dameski mmemficha wapi? Alifariki 1517, kwa hiyo ujana na utu uzima wake ni miaka hiyohiyo. Alitunga kasida za kumsifu Mtume, akatunga maulidi, akaitia Burda ya Busiri takhmisi. Mwaka 1513 akiwa njiani kwenda Cairo na mwanawe, majambazi walimwibia mizigo, na maandishi yake yakaenda humo. Alipofika Cairo akaendelea kuandika.

Na takhmisi ni jambo la kwetu. Unachukua mstari wa mwenzio wenye vipande viwili, unauvisha vitatu vya kwako mbele, vinakuwa vitano. Takhmisa ya Liyongo ni hivyo hivyo. Bibi yangu alikuwa akiimba hiyo akisuka ukili, mkono hausimami, akifika kipande cha tano anakivuta sauti na kuukaza mkono pamoja.

#32 Ummu Hilal
Bint Shela, Mungu amrehemu bibi. Ulinikosesha raha kusoma hilo la majambazi.

#33 Tarafa ya Ozi
Mbona mnazunguka dunia? Liyongo mwenyewe ni wa karne hiyo. Mshairi wetu wa karne ya 15 ni Fumo Liyongo, basi.

#34 Msoma Hati
Ndugu Tarafa ya Ozi, Liyongo amewekwa karne ya 9 na wengine, 13 na wengine, mpaka 17. Utendi wake tunaousoma ni mkono wa Muhammad Kijumwa, mwanzo wa karne ya 20. Nyimbo zenyewe ni za kale, hilo sikatai. Lakini hati ya Kiswahili tuliyonayo mkononi haifiki 1498. Barua za Kilwa zilizohifadhiwa Goa ni za 1711. Unyevu, mchwa na moto wa Mreno vilikula mengi.

#35 Tarafa ya Ozi
Karatasi kuliwa na mchwa si kwamba shairi halikuwapo. Kwetu wimbo haukungoja karatasi.

#36 Msoma Hati
Hapo sina la kukupinga.

#37 Kaniki Nyeusi
Kuna huyu hapa pia, Abubakari wa Aden, walii na mshairi wa zama hizo. Ndiye mzee wa masharifu wa Pate.

#38 Bint Shela
Unachanganya Abubakari wawili, kaka. Wa Aden ni Abubakari al-Aidarus, kazaliwa Tarim 1447, kafariki Aden mwanzo wa karne ya 16, ana diwani yake. Wanaotajwa na masharifu wa Pate ni Sheikh Abubakari bin Salim wa Inat, aliyefariki 1584. Wote Hadhramaut, wote masharifu, ila si mtu mmoja. Jina la Aidarus hata hivyo lilifika kwetu, aliyeifasiri Hamziya kwa Kiswahili ni Sayyid Aidarus.

#39 Kaniki Nyeusi
Nimesahihishika, ahsante dada.

#40 Nyota ya Kilimia
Turudi chomboni kidogo. Tungo na vitabu vya njia za bahari kama vya Ibn Majid, kwa jumla mabaharia waliviita rahmani. Asili ni Kiajemi, rahnama, mwonyesha njia. Sasa litamke haraka kama mtu wa Tanga: rahamani, ramani. Neno tunalotumia kwa karatasi ya ukutani shuleni lilikuwa jina la kitabu cha malimu, na vingi vya Ibn Majid vilikuwa mashairi.

#41 Mshika Usukani
Nimelisoma hili mara tatu. Kesho namwonyesha kijana, ukurasa uleule wa daftari.

Bado lakini sijaridhika na la kwanza. Kijana wa Kisauni, wewe upo upande gani sasa?

#42 Kijana wa Kisauni
Mimi bado naona yaweza kuwa yeye. Mfalme wa Malindi amtaka mgeni amshukuru, atampa mtu wa kubahatisha? Atamtafutia bingwa.

Ila leo nilienda kwa babu, alikuwa baharia wa jahazi, alienda mpaka Basra ujanani. Nikamuuliza kama walikuwa na mashairi ya nyota. Kwanza akanipa lile tunalolijua sote, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kisha akanyamaza, akatazama juu, akasema palikuwa na jingine, malimu wao akiimba pale masika yanapoingia na kusi linaanza kukaza, wakati wa kupandisha vyombo pwani. Amekumbuka huu tu:

Kilimia kizamapo, shusha tanga funga dau

Wa pili hana. Alijaribu, vidole vyake vikihesabu mizani kwenye goti, akafika katikati ukamponyoka. Akaniambia nirudi Ijumaa.

#43 Mwanafunzi wa Vina
Nane kwa nane, imekaa. Utao unaishia "dau", kwa hiyo kama ni wawili wawili, wa pili nao uishie "au". Muulize kama kulikuwa na "nahau", au "sahau".

#44 Ummu Hilal
Usimtilie maneno kinywani mzee. Mwache akumbuke mwenyewe.

#45 Kijana wa Kisauni
Sawa shangazi. Ijumaa baada ya swala niko kwake.